Msizisanifishe tungo za Abdilatif Abdalla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno juu ya namna magazeti yetu, na hili lenu likiwemo, yanavyomwandika na yanavyomchapisha mshairi Abdilatif Abdalla. Kila akitajwa, habari huwa ni ile ile: kijana wa Mombasa aliyezaliwa 1946, akaandika waraka wa kisiasa wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akafungwa miaka mitatu, akatoka na diwani ya Sauti ya Dhiki. Habari hiyo ni ya kweli na yafaa kurudiwa. Lakini chini yake huwekwa beti mbili tatu za kupamba ukurasa, na beti hizo mara nyingi huwa zimekwisha guswa. Mtu ameketi mezani, ameona n'shishiyelo, ameona mato, ambayo ni maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ameona neno limeanza na ritifaa, yaani ile alama ya ('), akadhani ni makosa ya uchapaji, akasafisha. Akainuka akiamini ametenda wema.

Mtu huyo ndiye ninayemwandikia, kupitia kwako. Shairi la Abdilatif limepita katika mikono mingi kabla ya kumfikia yeye, na karibu mikono yote hiyo ililitunza. Yeye ndiye wa mwisho kabla ya msomaji, na hapo ndipo linapoharibika.

Tuanze na kichwa kimoja tu kutoka katika diwani hiyo: N'shishiyelo ni Lilo. Hesabu kwa vidole. N', shi, shi, ye, lo: mizani 5. Ni, li, lo: mizani 3. Jumla 8, yaani nusu kamili ya mshororo wa mizani 16. Sasa jaribu kulisanifisha lile neno la kwanza. Shishiye ni umbo la kale la kitenzi shika, kama vile simeme ni la simama na lele ni la lala. Umbo hili husema mambo mawili kwa pamoja: tendo limekwisha tendeka, na hali yake ingalipo. Asimeme, yaani alisimama na mpaka sasa hajaketi. N'shishiye maana yake nilishika na mkono haujafunguka. Ile -lo ya mwisho ni ya jambo lenyewe lililoshikwa. Kiswahili sanifu hakina umbo moja la kubeba yote haya. Ukisema "nililolishika" umeingia katika wakati uliopita, na msomaji anaweza kudhani umekwisha liachia. Ukitaka kubaki na -me-, sarufi haikuruhusu kuitia -lo- ndani ya kitenzi hicho hicho. Itakubidi useme "ambalo nimelishika". Hesabu tena: a, mba, lo, ni, me, li, shi, ka. Mizani 8. Nusu ya mshororo imekwisha na "ni lilo" haijapata pa kukaa.

Kwa mtu aliyefungwa kwa sababu ya maoni yake, umbo hilo la kitenzi ndilo shairi lenyewe. Ukiliondoa umemfanya aseme kwamba zamani aliwahi kushika kitu fulani.

Mizani angalau hulia zikivunjwa. Vina huvunjika kimyakimya, na hapo ndipo wasahihishaji wazuri hunaswa. Kimvita husema mato pale sanifu inaposema macho, nti kwa nchi, ndia kwa njia, kitwa kwa kichwa, kuteka kwa kucheka, kuwata kwa kuacha. Tazama: mato na macho zote ni mizani 2. Nti na nchi, 2 na 2. Kuwata na kuacha, 3 na 3. Msahihishaji amebadilisha, amehesabu, zimetimia, amelala usingizi mzuri. Lakini katika Sauti ya Dhiki neno niwate limetiwa kina kimoja na vyovyote. Geuza niwate liwe "niache" na ile -te imekufa, na mishororo ya chini inamngoja mwenzao ambaye hatakuja. Msomaji asiyejua Kimvita hatajua kuwa ni meza ya gazeti iliyofanya hivyo. Atasema mshairi huyu mliyemsifu sana hajui kutia vina.

Halafu kuna ritifaa, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu, kwa kuwa kuna ritifaa za aina mbili na hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni ya n'. Katika n'shishiyelo, au katika n'na iliyo badala ya nina, irabu imeanguka lakini n imebaki ikisimama kama silabi kamili, na mizani yake haikupungua. Ya pili ni ile inayokaa mwanzoni mwa neno, pale ambapo silabi nzima ya ni- imeondoka: 'meona badala ya nimeona, 'takuja badala ya nitakuja. Hapo mizani moja imeondoka kweli, na mtunzi ameiondoa kwa hesabu. Chukua mshororo huu wa kutungwa tu kwa ajili ya mfano:

'Mefumbua yangu mato, kutazama huo mto

Ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, ni me, fu, mbu, a, ya, ngu, ma, to: 8. Utao, kipande cha pili, ni ku, ta, za, ma, hu, o, m, to: 8, na m ya mto imehesabiwa peke yake kama inavyostahili. Msahihishaji akirudisha ni- na kunyoosha mato, tunapata "Nimefumbua yangu macho, kutazama huo mto". Mizani 9 kwa 8, na kina kimetoweka. Masahihisho mawili yenye nia njema, na hakuna kilichobaki ila habari kwamba mtu alifumbua macho.

Najua jibu linalotolewa: gazeti ni la Kiswahili sanifu na wasomaji wako Dodoma, Nakuru na Bujumbura, si Mji wa Kale peke yake. Jibu hilo lingekuwa na nguvu kama mtunzi huyu angekuwa hajui sanifu. Alipotoka gerezani 1972 alikwenda Dar es Salaam akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 1979, miaka ile ile ambayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 ilikuwa ikitayarishwa hapo. Baada ya hapo alikuwa London, mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, akisikika na watu wa lahaja zote. Kisha akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, tangu 1995 hadi 2011. Huyu si mtu wa kufundishwa na meza ya habari kwamba mato ni macho. Alipoandika mato alikuwa amechagua.

Na hakuchagua peke yake. Alilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh bin Hussein, naye mshairi. Nduguze wakubwa ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule anayeitwa Malenga wa Mvita, na Sheikh Abdilahi Nassir, mwanachuoni aliyekuwa pia mtu wa uchapishaji katika Oxford University Press, Nairobi. Diwani ya Malenga wa Mvita ilitoka kwa wachapishaji hao 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Mwaka huo huo ukatoka Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, mtunzi wake Abdilatif akiwa bado kifungoni. Mwaka 1973 ikafuata Sauti ya Dhiki. Angalia jinsi vitabu hivi vilivyopita kwa watu waliokuwa na sikio la Mvita na pia walijua kazi ya uchapaji. Hakuna aliyemwambia mtunzi aandike kama mtu wa mahali pengine. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, na waliosoma walisoma Kimvita hicho hicho.

Katika ukoo huo ushairi ulikuwa pia ni wa kuimbwa. Mashairi ya Ahmad Nassir yalichukuliwa na binamuye Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, yakafika kwa watu ambao hawajawahi kufungua diwani. Mwimbaji huweza kuivuta irabu mpaka pumzi iishe. Lakini silabi ya 9 haina pa kuketi katika mahadhi yaliyopimwa kwa 8, na kina kilichogeuzwa husikika kama chombo kilichogonga mwamba. Ndiyo maana jaribio la kwanza la shairi lililosahihishwa ni kulisoma kwa sauti, kwa mahadhi kama mtu aweza. Dakika moja yatosha.

Gerezani hali ilikuwa nyingine. Alikuwa akifungiwa peke yake, na aliandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, ambazo zilitolewa nje kwa siri vile vile. Wanaoandika habari hii huishia kwenye ajabu ya karatasi. Kwa mtu wa kazi ya kunakili, jambo la maana ni jingine. Karatasi laini hupasuka inapokunjwa, wino hupenya upande wa pili, kalamu ya risasi hufutika kwa jasho la mkono. Neno likipotea katika barua ya kawaida, limepotea. Likipotea katika shairi la vina na mizani, pengo lenyewe humwambia mnakili lina ukubwa gani na linaishia kwa sauti gani: kinakosekana kitu cha mizani 3, na lazima kiishe kwa -te. Umbo la shairi ni kama sanduku lililotengenezwa kwa kipimo cha mzigo wake. Anayebadilisha kina ameondoa ule ushahidi ambao ungemwezesha mtu wa kesho kujua kwamba kuna kitu kimeguswa.

Jambo hilo Abdilatif analijua kutoka upande wa pili pia, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni uhariri wa tungo za wengine, na hii ndiyo sehemu ambayo magazeti huiruka. Mwaka 1973 alihariri Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, ukachapishwa Dar es Salaam. Mwaka 2004 ikatoka Köln, Ujerumani, kazi kubwa juu ya nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, iliyofanywa na kikundi kizima: Gudrun Miehe, yeye Abdilatif, kakake Ahmad Nassir, Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, Sheikh Yahya Ali Omar, Farouk Topan, Mohamed Abdulaziz na wengineo. Mwaka 2011 Mkuki na Nyota wakatoa Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani, kazi ya Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, yeye akiwa mhariri.

Kazi ya namna hiyo inataka watu kadhaa meza moja kwa sababu ya hati. Tungo za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo kwa matumizi yake ya kawaida hazina p, wala v, wala ch. Waandishi wengi walitumia b hiyo hiyo kwa b na p, na sauti ya m au n iliyotangulia hawakuiandika. Kwa hiyo maandishi ya aina moja yaweza kusomwa bata, pata au mbata. Irabu nazo ni tatu tu: i na e hubebwa na alama moja, u na o alama moja. Neno lenye k na t, kila moja na alama ya chini, laweza kuwa kiti, keti, kete au kite, na yote manne ni maneno yenye maana. Mhariri atajuaje? Huangalia kina. Kama beti nzima inaishia kwa -te, kiti na keti zimeondoka, zimebaki kete na kite. Hapo huingia maana ya mshororo, na maana ikikataa kufunguka huulizwa mtu wa lahaja ile: Mlamu, Mpate, Mpemba. Mpemba hujua neno ambalo Mmvita hajalisikia. Ukikuta katika nakala moja neno limegeuzwa na mnakili wa karne iliyopita kwa kuwa alidhani anasaidia, basi siku nzima imekwenda katika neno moja.

Hili si jipya kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki 1840, na tunamsoma leo kwa sababu miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua aliketi akayaandika na kuyafafanua mashairi yake, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akayachukua akayatunza. Sikujua hakuyanyoosha ili Taylor aelewe. Aliyaacha yalivyo, akaeleza pembeni. Meza ya gazeti yaweza kufanya hivyo hivyo, na nitarudi hapo.

Tafsiri nayo ina funzo lake. Abdilatif aliitia kwa Kiswahili riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, ikatoka 1976 kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Tazama lile neno la pili la jina la Kiingereza. Tahajia yake si ya kamusi. Armah aliiweka kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo lilivyoandikwa juu ya basi ndani ya riwaya yenyewe, na kitabu kimechapishwa hivyo tangu 1968. Hakuna mhariri aliyeiondoa ile y akasema amesaidia lugha. Kiingereza cha Armah kinaheshimiwa hivyo, na Kimvita cha Abdilatif kinastahili heshima iyo hiyo kwao waandishi wa Kiswahili.

Kwa upande wa pili, Sauti ya Dhiki yenyewe imefasiriwa kwa Kiingereza na Ken Walibora, mwandishi tuliyempoteza Aprili 2020. Tafsiri hiyo ilitoka 2024, miaka minne baada ya kufariki kwake, katika kitabu kilichohaririwa na Annmarie Drury na kuchapishwa na University of Michigan Press. Mkichapisha beti za Kiingereza kutoka humo, jina la Walibora lazima likae chini ya beti hizo. Mfasiri asipotajwa, msomaji hudhani mshairi aliandika kwa Kiingereza.

Miaka ya London nitaipita haraka, ingawa ndiyo iliyomkutanisha na Ngũgĩ wa Thiong'o na John La Rose katika kamati ya kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya, iliyoundwa 1982. Wanaotaka kuisoma vizuri kuna kitabu cha Rose Marie Beck na Kai Kresse juu yake, kilichotoka Mkuki na Nyota 2016. Ninaloliona la kusisitiza ni kazi yake ya baadaye katika tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mũkoma wa Ngũgĩ kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na ambayo yeye aliongoza bodi yake. Mshindi wa ushairi wa mwaka wa kwanza, 2015, alikuwa Mohammed Khelef Ghassani wa Zanzibar, kwa diwani ya N'na Kwetu. Ritifaa hiyo hapo, juu ya jalada, herufi ya pili. Nimeona jina hilo likiandikwa "Nina Kwetu" na pia "Nna Kwetu", na yote mawili si jina la kitabu. Kwa hiyo jambo hili si la mzee mmoja na diwani ya nusu karne iliyopita. Washairi wa leo wanaandika hivyo, na watazidi.

Sasa basi, lifanyweje? Haya ni mambo ya meza, na hayataki fedha.

Kwanza, nakala. Beti zinakiliwe kutoka kwenye kitabu kilichochapwa, si kutoka kwenye ujumbe wa simu wala kutoka gazeti jingine. Beti zinazozunguka mitandaoni nyingi zimekwisha guswa, na kila anayenakili huongeza mguso wake. Anayechapa na anayesoma wawe watu wawili: mmoja anasoma kitabuni kwa sauti, silabi kwa silabi, akitaja na ritifaa, mwingine anafuata kwenye kioo. Ubeti wa mishororo minne una mizani 64 na hauzidi dakika tatu.

Pili, kompyuta. Programu ya kusahihisha tahajia izimwe kabisa kwenye faili la shairi, na ile ya kukata maneno mwishoni mwa mstari vile vile, kwa kuwa hukata kwa kanuni za Kiingereza na kutenganisha silabi pasipotakiwa. Kuhusu ritifaa ya mwanzo wa neno, mashine ina ugonjwa mmoja mkubwa. Ukibonyeza alama hiyo baada ya nafasi, yenyewe huamini unafungua nukuu, ikaweka alama iliyopinda kama tarakimu 6 badala ya ile iliyopinda kama 9. Mtu wa pili akipita huona nukuu imefunguliwa na haikufungwa. Ama ataifunga mahali popote, ama ataifuta. Ndivyo 'meona inavyogeuka meona, neno lisilokuwepo. Dawa ni kubonyeza alama mara mbili kisha kufuta ya kwanza, au kushikilia Alt na kuandika 0146 kwenye tarakimu za upande wa kulia wa kibao. Kabla ya ukurasa kwenda mtamboni, tafuteni ndani ya shairi alama yenye umbo la 6. Mkiikuta mwanzoni mwa neno lililokatwa, imeponyoka.

Tatu, safu. Mshororo wa mizani 16 huchukua herufi 35 hadi 45 hivi pamoja na nafasi, na safu moja nyembamba ya gazeti haibebi kiasi hicho. Mashine ikiachiwa hukata inapotaka, pengine baada ya silabi ya 11, na jicho la msomaji hupoteza kina cha kati. Lipeni shairi upana wa safu mbili. Kama hamna nafasi, kateni kila mshororo kwenye mkato wa kati, ukwapi mstari wa juu, utao mstari wa chini ukiingizwa ndani kidogo, na mfanye hivyo kwa mishororo yote bila kubagua. Msinyooshe kingo za kulia, maana mashine itatawanya maneno ili kujaza nafasi. Na mkipungukiwa na nafasi, ondoeni ubeti mzima na mseme mmeuondoa. Msiondoe mshororo, hasa wa mwisho, maana huo ndio unaofunga ubeti.

Nne, msomaji wa mbali. Huyu ana haki yake, na Mwalimu Sikujua alikwisha tuonyesha njia: neno libaki ndani, maelezo yakae nje. Chini ya shairi wekeni maneno manne hadi sita, kwa herufi ndogo: mato – macho, kuwata – kuacha, n'shishiye – nimeshika na bado nimeshika, kuno – huku. Msitie nyota wala tarakimu ndani ya mshororo, kwa kuwa msomaji wa kwa sauti hujikwaa hapo. Mistari miwili ya maelezo inamfaa mwanafunzi wa Bujumbura kuliko shairi lililopigwa pasi, kwa sababu ameondoka na maneno manne ambayo hakuwa nayo.

Tano, jina na ruhusa. Jina lake ni Abdilatif Abdalla. Si Abdulatif, wala Abdallah. Chini ya beti taja diwani, mwaka na mchapishaji. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya maandishi mpaka miaka 50 baada ya kufariki kwa mtunzi, kwa hiyo shairi zima halichapishwi bila idhini. Sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa au kukatwakatwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Msahihishaji anayenyoosha mato kuwa macho anafaa kujua kwamba hachezi na tahajia tu.

Na kama kuna beti mlizokwisha kuzitoa zikiwa zimeguswa, iwe za Abdilatif, za Ahmad Nassir au za Ghassani, naomba mzirudie, ukurasa ule ule na kwa ukubwa ule ule, na taarifa ya masahihisho itaje wazi neno gani lilikuwa nini kitabuni na lilitoka vipi gazetini. Walimu wa sekondari hukata kurasa hizo wakazibandika darasani, na karatasi iliyobandikwa hukaa ukutani muhula mzima.

Wako,
Msomaji,
Mombasa